Gemu Tano na Kifua Kimoja

Niseme mapema tusije tukagombana: mashine zote za gemu zilizowahi kuingia nyumbani kwetu Shinyanga mjini zilikuwa zangu. Kaka yangu Muhidini alizicheza, akazifungua, akaziua, na moja akaiuza, lakini mwenye mali ni mimi, Raudha binti Abdulshakur. Nina miaka thelathini na tisa, nina duka la steshenari, nina binti anayesoma chuo Mwanza, na nina mgongo unaoanza kuuma kabla sijatoka kitandani. Watu wakisikia mwanamke wa umri wangu amemiliki gemu tano hucheka. Wacheke tu. Nimeshachoka kueleza.

Muhidini alirudi mwezi wa tatu mwaka huu, kutoka machimbo ya Nyarugusu, akiwa na begi moja na kikohozi. Alibisha hodi kwenye nyumba aliyozaliwa.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Umenenepa, Raudha.”

“Na wewe umekwisha.”

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Alishika mlango kwa mkono mmoja. Kifua chake kilikuwa kinakwaruza. Nilipokea begi, nikaona ni jepesi, nikajua miaka ishirini na moja ya kuchimba dhahabu imeingia humo na nafasi imebaki.

Nilimpeleka hospitali. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. “Hii si TB,” akasema. “TB ningekupa dawa ukapona. Hili ni vumbi la mawe. Limeshaingia kwenye mapafu na halitoki, wala hatuna cha kulitolea. Tunachoweza ni kuzuia lisiongezeke.” Kisha akanitazama mimi, si mgonjwa. “Akirudi shimoni, au akikaa karibu na karasha wanaposaga mawe, mama, msije mkasema hamkuambiwa.”

Tangu siku ile kazi yangu ikawa moja tu, kumzuia kaka yangu asirudi machimboni. Mengine yote, duka, ada ya mtoto, paa linalovuja, yalikaa pembeni.

Kumzuia mtu wa miaka arobaini na mbili si mchezo. Huwezi kumfungia mlango, huwezi kumficha viatu. Nilimweka dukani. Siku ya kwanza aliona mashine ya fotokopi inatoa mstari mweusi, akaifungua yote, akatandaza vipuri juu ya kaunta mbele ya wateja. Mstari ulitoka. Kilichobaki ni kwamba hata fotokopi zilikataa kutoka kwa siku tatu. Wiki iliyofuata aliniambia karatasi zinamkohoza, akahamia barazani na simu yake, na ndani ya simu ile kulikuwa na mtu mmoja tu, Mabula.

Mabula ni Msukuma wa Kharumwa, ndiye aliyemwingiza Muhidini kwenye uchimbaji, na wamekuwa pamoja tangu wote wawili wana nywele. Ningependa kusema ni mtu mbaya. Si mbaya. Akipiga simu na mimi nikaipokea, husalimia kwa heshima zote, “Mwangaluka, Mama Tabu,” ananiuliza habari za binti yangu kwa jina, ananiuliza mgongo, ndipo anaomba kuongea na mwenzake. Mtu wa namna hiyo unamgombezaje? Nilikuwa nampa simu, nasimama mlangoni kusikiliza kama wanaongelea mashimo. Walikuwa wanaongelea mashimo.

Hapo nikakumbuka boksi.

Lilikuwa chini ya kitanda cha marehemu mama, limefungwa kamba ya katani, na ndani yake mna mashine nne. Nikapanga hivi: Muhidini tangu utotoni ana ugonjwa wa kufungua vitu, basi azifungue hizi. Akiweza kuziwasha hata mbili, tutafanya kibanda cha gemu kwenye chumba cha uani. Atakaa kwenye kiti, mlango wazi, hewa safi, watoto wa mtaa watacheza mpira wa kwenye televisheni, na ardhi itakaa huko iliko. Nilijiona nina akili sana. Nilivuta boksi mpaka uani, nikamwita.

“Mali zangu hizi,” nikamwambia. “Ziliniharibikia mikononi mwako. Zitengeneze.”

Aliinama, akakata kamba, akatoa ya juu kabisa, ndogo, nyekundu na nyeupe, plastiki yake imegeuka rangi ya chai.

Ile ndiyo ya kwanza. Mwaka tisini na tano baba alikuwa anakwenda Mwadui kila mwisho wa mwezi kuwauzia wafanyakazi wa mgodi kanga na vitenge, na huko akaikuta familia inayohama inauza vitu vyake. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimetoka kuhitimu juzuu ya kwanza madrasa. Baba aliiweka mezani akatamka mbele ya kila mtu, “Hii ni ya Raudha.” Muhidini alikuwa na miaka kumi na miwili na juzuu yake ilikuwa inasuasua, kwa hiyo alikaa kimya, lakini macho yake yalikuwa yameshaifungua.

Ilikuja na kaseti moja ya njano iliyoandikwa ina michezo mia tisa tisini na tisa. Ilikuwa na minne, ikijirudia kwa majina tofauti. Sisi tuliupenda wa vifaru, kwa sababu watu wawili mnakuwa upande mmoja, mnalinda nyumba ya matofali isibomolewe. Mimi nilikaa na kulinda. Muhidini alikwenda mbele kushambulia, akafa, akarudi, akaenda tena. Picha ikianza kuruka ruka unachomoa kaseti, unapuliza kwenye meno yake, unarudisha. Nikipuliza mimi natoa mate tu. Mwenye kifua alikuwa Muhidini. Alivuta hewa mpaka mabega yakapanda, akapuliza mara moja, picha ikatulia. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanaleta kaseti zao nyumbani kwetu zipulizwe na yeye.

Siku tuliyofungua boksi aliichukua ile kaseti ya njano akaipuliza kwa mazoea. Pumzi haikufika hata nusu ya kaseti. Alikohoa mpaka akakaa chini kwenye saruji. Niliipokea mkononi mwake nikaingia ndani nikijifanya natafuta kitambaa, nikakaa kwenye kitanda cha mama mpaka niliposikia ametulia.

Nimalizie habari ya mashine hiyo. Alipofika miaka kumi na minne aliifungua kwa kisu cha jikoni, anataka kuona vifaru vinakaa wapi. Hakuvikuta. Mashine haikuwaka tena. Baba alimchapa, mimi nilinuna wiki mbili, naye akaniapia kwamba atanilipa nyingine. Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza, nikamwamini.

Alinilipa kweli, mwaka elfu mbili na moja. Ya pili ilikuwa pleistesheni ya kijivu, mtumba wa Mwanza, imeshatumika na watu hatuwajui. Macho yake ya kusomea CD yalikuwa yamechoka, kwa hiyo tuliicheza ikiwa imegeuzwa juu chini, CD inazunguka tumboni, na juu yake tunaweka kitabu cha jiografia isitikisike. Tuliendelea hivyo miaka mitatu. Mwisho hata kugeuzwa ikakataa, na Muhidini akasema anakwenda Geita mara moja kutafuta hela ya lenzi.

Safari ya lenzi ilikuwa ya wiki mbili. Alikaa miaka miwili.

Aliporudi, mwaka elfu mbili na sita, alikuwa na shati jipya na mashine nyeusi, pleistesheni ya pili kutoka kwa mtengenezaji, ya tatu kwangu. “Yako, Raudha,” akasema, akaiweka pale pale mezani kama baba. Lenzi alikuwa ameshaisahau. Safari ile alikaa nyumbani miezi mitatu kwa sababu baba alikuwa anaumwa, na ile miezi mitatu ndiyo ninayoikumbuka nikitaka kukumbuka kitu kizuri. Kila baada ya Alasiri tulicheza mpira. Nilimfunga mara nyingi kuliko alivyonifunga, na asikudanganye mtu.

Ndani ya miezi hiyo alinifundisha na kupima jiwe. Alikuja na kijiwe mfukoni, akakitwanga uani, akatia unga wake kwenye karai la mama la kukaangia, akamimina maji, akawa analizungusha polepole, maji yanamwagika na unga pembeni. “Mtu hashuki shimoni hivi hivi,” akanieleza. “Kwanza unapima. Unga wote ukiondoka na maji, jiwe halina kitu, unahamia kwingine. Ikibaki chembe, hata moja, unashuka.”

“Hata moja tu?”

“Moja inatosha. Hatutafuti utajiri kwenye karai. Tunauliza tu kama ipo.”

Mama alitoka jikoni akaona karai lake lina matope, akamtimua mpaka barabarani, mwana mkubwa mwenye ndevu. Tulicheka siku nzima. Kijiwe hakikutoa chochote.

Baba alifariki, arobaini ikapita, Mabula akaleta ujumbe. Wamepata duara Kharumwa, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, na wameweka na karasha yao wenyewe ya kusagia mawe. Nilijua siwezi kumzuia, nikafanya ujanja. Nilimwambia aichukue mashine yangu nyeusi aende nayo, afungue kibanda cha gemu kule kule, wachimbaji si wanapenda mpira? Niliwaza akiwa na biashara juu ya ardhi hatashuka chini. Akaichukua. Kibanda alikijenga ubavuni mwa karasha kwa sababu hapo ndipo jenereta ilipokuwa. Mwaka mzima wachimbaji walicheza mpira huku mawe yanasagwa hatua kumi kutoka walipokaa. Vumbi liliwatosha wote, watu na mashine. Mashine ilianza kuunguruma, wateja wakaondoka, kibanda kikafungwa, na Muhidini akashuka shimoni. Lile duara lenyewe walilipima wakaona halitoi kitu, wakalitelekeza, wakahamia Nyarugusu. Mashine akanirudishia kwa basi, imefungwa kwenye shuka.

Ya nne sitaki kuiongelea sana. Aliileta mwaka elfu mbili na kumi na tatu, siku tano baada ya mama kuzikwa. Alikuwa chini, simu haishiki, waliokwenda kumwita hawakumkuta kwenye shimo walilodhani yumo. Alisimama mlangoni na boksi la mashine kwapani. “Yako, Raudha.” Nilimchukia siku ile, nilimchukia kabisa, na sikuichomeka kwenye umeme kwa mwaka mmoja. Nilipoichomeka ilifanya kazi vizuri miezi saba, umeme ukaenda na kurudi kwa kishindo, ikaungua. Sikusikitika.

Na ya tano, aliyoileta mwaka elfu mbili na ishirini ikiwa mpya na nailoni yake, niliimiliki siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alikuja kuiazima. Aliiuza Kahama, akanunua nafasi yake kwenye duara jingine. Hiyo haimo kwenye boksi.

Haya, turudi uani. Alizikagua zote nne, akazipanga kwenye mkeka. Nyekundu imekufa. Ya kijivu imekufa. Ile ya kuungua hata usiiulize. Akalifungua shuka kutoka kwenye ile nyeusi, akaichomeka, akaunganisha na televisheni ya sebuleni. Taa ya kijani ikawaka.

Tulitazamana. Hakuna hata mmoja aliyetegemea.

Feni ilikuwa inakwaruza na CD ilichukua muda kusomeka, lakini uwanja ulitokea, majani ya kijani, na wachezaji ambao leo ni wazee wenye vitambi. Pedi zilikuwa mbili, ya kwangu na ya kwake, ya kwake imelika pale kidole gumba kinapokaa. Tulicheza. Nilimfunga mbili bila. Akalalamika kwamba pedi yake imekufa ganzi, nikamwambia ganzi ni vidole vyake, akacheka bila kukohoa. Nilifunga duka mchana ule kwa kisingizio cha mafua. Nilikuwa na furaha, sina namna nyingine ya kusema. Nilimtazama kaka yangu amekunja miguu kwenye zulia la mama nikawaza, basi, ameshafika, haendi tena.

Tulicheza hivyo siku nne. Siku ya pili alipima chumba cha uani kwa hatua, akasema patakaa televisheni mbili. Siku ya tatu Mabula alipiga, na Muhidini akamwambia mbele yangu, “Mimi nimestaafu, mzee. Nafungua kibanda.” Nilikwenda jikoni nikapika pilau, siku ya Jumanne, bila sababu.

Siku ya nne feni ilizidi kuunguruma mpaka tukawa hatusikii mtangazaji. Kuanzia hapo kosa ni langu mwenyewe.

“Imejaa vumbi hiyo,” nikasema. “Ifungue uisafishe.”

Asubuhi yake alikaa uani na bisibisi. Nilikuwa nimemfunga kitambaa puani na mdomoni, mkono wangu mwenyewe, nikavuta na fundo. Alifungua mfuniko wa juu. Vumbi lilikuwa limejaa kila mahali, kwenye feni, chini ya bodi, kwenye kona zote, la kijivu linalokaribia weupe, laini, limeshikana kwa miaka kumi na minane. Vumbi la nyumbani kwetu Shinyanga ni jekundu kidogo. Hili halikuwa la nyumbani.

Mimi ningelikung'uta jalalani. Mtu yeyote wa kawaida angelikung'uta jalalani. Muhidini alichukua gazeti, akalitandaza, akaanza kulikusanya kwa mswaki wa zamani, taratibu, hata lile la kwenye matundu ya skurubu. Lilijaa kikombe cha kahawa na kubaki kidogo. Nilikuwa naanika nguo. Nilimwona, nikasema moyoni anafanya usafi.

Nikasikia maji.

Nilipogeuka alikuwa amechuchumaa na karai la mama mikononi, analizungusha. Mikono haikuwa ya mgonjwa. Ilikwenda polepole, bila kutetema, maji yakawa yanamwagika na tope la kijivu, anaongeza maji, yanamwagika. Nilisimama na shuka bichi begani. Nilimwomba Mungu liondoke lote.

Alisimamisha karai. Akaliinamisha kwenye jua, akakaa hivyo muda mrefu.

“Njoo uone,” akasema.

Niliona mstari mdogo mwembamba kwenye ukingo wa maji, mfupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Wa njano.

“Mwaka ule karasha ilikuwa inasaga mawe ya duara letu tu,” akasema. Hakuwa anaongea na mimi. “Hapakuwa na mawe mengine pale. Tulilipima vibaya, Raudha. Kupimia tulichukua mawe ya juu. Tukaliacha.”

Aliweka karai chini kwa uangalifu, akaingia ndani kutafuta simu. Nilimsikia akisema, “Mabula, uko wapi? Kaa chini kwanza.”

Nililibeba karai nikalimwaga. Nililimwaga kwenye shina la mpapai, nikalisuuza, nikamwaga tena, nikakanyaga pale kwa kandambili. Aliporudi uani alinikuta nimesimama juu ya lile tope. Nilitaka anigombeze. Nilitaka achimbue mpapai, aangue kilio, achelewe.

“Umemwaga,” akasema.

“Nimemwaga.”

“Haina shida.” Akatabasamu kwa upole kabisa, kama mtu anayemsamehe mtoto. “Ile yenyewe si kitu. Nilitaka kuona tu kama ipo.”

Maneno yale nilikuwa nayajua. Nilifundishwa uani pale pale, nikicheka.

Nikamwambia asiende. Nikamkumbusha daktari, neno kwa neno. Nikamwambia vumbi alilolitoa kwenye mashine ndilo lile lile lililomo kifuani mwake, limetoka karasha moja, mwaka mmoja, tofauti ni kwamba yeye hana skurubu za kufungulia. Nikamwambia, “Na kifuani kwako ukipima, litatoa nini?” Alisema hatashuka mwenyewe, atasimamia tu. Alisema ataniletea mashine mpya, ya kisasa kabisa, ile isiyohitaji hata CD.

“Sitaki mashine,” nikasema. “Sijawahi kutaka mashine, Muhidini. Tangu ile ya kwanza.”

Nadhani hilo ndilo neno pekee lililomfikia, kwa sababu alikaa kwenye kizingiti akakaa sana. Kisha akavuta bisibisi. Mashine nyeusi ilikuwa bado imefunguka kwenye mkeka. Aliifuta bodi kwa brashi laini, akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye feni, akairudisha yote, skurubu moja baada ya nyingine, bila kubakisha hata moja. Katika maisha yake yote ilikuwa mara ya kwanza kufungua kitu changu na kukirudisha kizima.

Aliondoka asubuhi iliyofuata kwa basi la Kharumwa. Nilimfungia chapati na nyama, na vitambaa sita vya puani nilivyovishona mwenyewe kutokana na kanga ya mama. Ndiyo, nilimfungia. Ulitaka nimfanyeje?

Jioni niliwasha mashine. Haikuunguruma. Nililiweka sikio kabisa kwenye mfuniko, nikasikia feni inazunguka kwa ulaini, safi, kama imetoka dukani. Pedi mbili zilikuwa kwenye zulia. Kwenye televisheni palikuwa na maandishi yanayomsubiri mchezaji wa pili abonyeze kitufe. Niliyaacha yakawaka na kuzima mpaka nikachoka kuyatazama.

Ijumaa, wiki ya tatu, alipiga simu. Nilikuwa nimefunga duka kupisha swala. Kulikuwa na kelele nyingi nyuma yake, mawe na injini. Alisema wameshayatoa maji yaliyojaa kwenye lile duara, wameshafika kwenye mwamba wenyewe, Mabula ananisalimia, anashukuru, anasema wabeja kwa zile chapati.

“Unavaa kitambaa?” nikamuuliza.

“Navaa. Mashine inawaka?”

“Inawaka.”

“Haikwaruzi?”

“Haikwaruzi,” nikasema.

Injini ya huko ikazimika ghafla, pakawa kimya kwake na kimya kwangu, nikaisikia pumzi yake kwenye simu, inaingia na kutoka, inakwaruza kama ile feni kabla hajaisafisha. Sikukata simu. Nilikaa nayo sikioni mpaka injini ilipowashwa tena.